Msinitafute



Abiria anayewasili Auckland, New Zealand, huwa amechoka. Nchi ile iko mbali. Hata anayetoka Australia, jirani yake, hukaa angani kama saa tatu huku chini yake ni maji matupu. Akishuka, mawazo yake yako kwenye foleni ya pasipoti, kwenye mizigo, kwenye simu inayohangaika kushika mtandao. Si ajabu kwamba wengi hupita bila kuinua macho kuitazama ndege ndogo ya rangi ya fedha iliyotundikwa ndani ya jengo la abiria wa kimataifa. Ni ndege ya injini moja, Percival Gull, mbao na kitambaa, na ina herufi G-ADPR. Jengo lenyewe limepewa jina la mwanamke aliyeirusha, Jean Batten.

Tusiwalaumu wanaopita. Sisi nasi tuna yetu. Ni wangapi wanaopandia ndege pale Wilson, Nairobi, kwenda Mara au Lamu, wanaojua kwamba Wilson alikuwa mama? Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, wakati ndege ikipita Afrika Mashariki watu walitoka nje kuitazama. Jina lake linatamkwa kila siku, yeye mwenyewe hatajwi. Hilo nalisema kwa kupita tu. Leo naomba tukae kidogo na Jean Batten, kwa sababu ya jambo alilowaambia watu kabla ya safari iliyompa heshima ile. Jambo hilo hilo nimelisikia mara nyingi katika huduma, vinywani mwa watu ambao hawajawahi kupanda ndege.

Jean alizaliwa Rotorua, Septemba 1909. Wiki chache kabla yake, Mfaransa Louis Blériot alikuwa amevuka kwa ndege bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, wa kwanza kufanya hivyo. Mama yake Jean, Ellen, alibandika picha ya Blériot ukutani, karibu na kitanda cha mtoto. Baba yake alikuwa daktari wa meno. Binti alikua akipiga piano, na wote walioisikia walijua ana kipaji. Lakini alipofika umri wa kuamua, aliamua kuruka. Piano ikauzwa, mama na binti wakapanda meli kwenda Uingereza, na Jean akajifunza urubani katika klabu ya ndege ya London.

Hakufanikiwa mara moja. Mwaka 1933 alijaribu kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia. Injini ikamharibikia karibu na Karachi. Mwaka 1934 alijaribu tena, akaishiwa mafuta usiku, mvua ikinyesha, juu ya mji wa Roma, akaiangusha ndege mahali palipojaa nguzo za mitambo ya redio. Alitoka hai. Akarudi Uingereza, akaazima mabawa ya ndege ya mchumba wake ili kuitengeneza yake, akaanza upya. Mwezi Mei mwaka huo huo alifika Darwin kwa siku 14, saa 22 na nusu, akaivunja rekodi ya Amy Johnson kwa zaidi ya siku nne. Mwaka uliofuata, akiwa na ile Gull ya rangi ya fedha, alivuka kutoka Uingereza hadi Brazil, mwanamke wa kwanza kuirusha ndege peke yake juu ya Atlantiki ya Kusini. Unaona, mpendwa, kwamba kilichotundikwa Auckland si ndege iliyoanguka Karachi wala ile ya Roma. Binadamu hutundika ushindi. Mungu huyajua na yale ya Roma.

Safari kubwa kuliko zote ilikuwa ya Oktoba 1936, kutoka Uingereza hadi nyumbani New Zealand. Hakuna aliyekuwa ameikamilisha peke yake moja kwa moja hivyo. Alifika Australia kwa chini ya siku sita, akapumzika kidogo Sydney, na mbele yake ikabaki Bahari ya Tasman, zaidi ya kilomita 2,000 za mawimbi na dhoruba zisizotabirika. Ndege haikuwa na redio. Wengi walimsihi aache, wakimwambia ameshapata sifa ya kutosha. Hakuacha. Na kabla ya kuwasha injini aliwaambia waliomsindikiza kwamba akianguka baharini, asiwepo mtu wa kuruka kwenda kumtafuta.

Msinitafute.

Nataka kuwa mwangalifu na maneno haya, kwa sababu kwa kweli yalikuwa mazuri. Alijua kwamba akipotea, marubani wengine wangeingia katika bahari ile ile na hali ya hewa ile ile kwa ajili yake, na huenda wengine wangefia huko. Hakutaka uamuzi wake uwe mauti ya mtu mwingine. Huo ni upendo, tena wa mtu mzima. Akaruka kwa zaidi ya saa tisa, akaiona nchi yake, akatua Mangere, eneo lile lile ambalo leo lina uwanja mkubwa wa ndege. Maelfu walikuwa wanamngoja. Tangu aondoke Uingereza zilikuwa zimepita siku 11 na dakika 45. Wazee wa Te Arawa, watu wa Rotorua alikozaliwa, walimpa jina la heshima la Binti wa Anga.

Lakini maneno yale yale yanaweza kusemwa na moyo mwingine kabisa. Nimeyasikia yakisemwa na mzee aliyeacha kuja ibadani mara tu miguu ilipoanza kumshinda: "Msihangaike na mimi." Nimeyasikia kwa dada aliyefiwa na mumewe, ambaye kila ukimuuliza hali anajibu "salama tu" hata kabla hujamaliza swali. Nimeyaona, bila hata kusikia sauti, kwa kijana aliyekopa fedha za chama, biashara ikafa, akabadilisha laini ya simu. Wote hawa wanasema jambo moja. Na mara nyingi, mpendwa, sisi tunawatii. Tunajiambia tunaheshimu faragha yao. Je, ni heshima kweli, au tumefurahi kupata ruhusa ya kutokwenda?

Yaliyompata Jean miezi minne tu baada ya kutua Mangere yanaweza kutusaidia hapa. Alikuwa anampenda rubani kijana wa Australia, Beverley Shepherd. Februari 19, 1937, Shepherd alikuwa rubani msaidizi katika ndege ya abiria, aina ya Stinson, iliyoruka kutoka Brisbane kwenda Sydney ikiwa na watu saba. Haikufika. Ndege nyingi zilitumwa kuitafuta, na kwa kuwa kulikuwa na watu waliodai kuiona ikipita karibu na Sydney, utafutaji mwingi ulifanyika kusini, mamia ya kilomita kutoka mahali ilipoangukia. Siku zikapita. Matumaini yakaisha.

Katika milima ya mpakani mwa Queensland aliishi mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Bernard O'Reilly. Hakuwa na ndege wala cheo. Aliwaza kwamba ndege ile ingepita juu ya milima yao katika dhoruba ya siku ile, na kama ilipita, huenda haikuvuka. Akachukua mkate na vitunguu na majani ya chai, akaingia msituni kwa miguu, peke yake. Kesho yake, akiwa juu ya kilele, aliona kwa mbali mti mmoja ambao rangi yake haikuwa sawa na ya mingine. Ulikuwa umeungua. Akaufuata kwa saa nyingi ndani ya msitu ambao mtu haoni hatua kumi mbele. Akawakuta watu wawili hai, wamekaa siku kumi msituni, mmoja wao amevunjika mguu.

Shepherd hakuwa miongoni mwao. Alikuwa ameshafariki ndege ilipoanguka. Kwa Jean habari ile ya ajabu iliyoshangiliwa Australia nzima ilikuwa habari ya msiba. Hata hivyo nafikiri juu ya wale wawili. Wangekufa kwa sababu ulimwengu wote ulikuwa ukitafuta mahali rahisi, mahali palipotajwa na wengi. Waliokolewa na mtu aliyeuliza: huyu ndugu, kwa jinsi njia yake ilivyokuwa na mvua iliyonyesha siku ile, angekuwa wapi?

Swali hilo ni swali la kichungaji. Kumtafuta mtu ni kuijua njia yake kiasi cha kukisia alipoangukia. Ukijua kwamba mwenzako alifiwa mwezi wa pili, utajua mwezi wa pili ukirudi atakuwa mahali gani. Ukijua kwamba mwanawe amekosa kazi, hutashangaa kwa nini amekoma kuja kwenye sherehe ambako watu hujisifu kwa kazi za wana wao. Biblia inapoanza kutuonyesha Mungu na mwanadamu aliyekosa, katika Mwanzo sura ya tatu, mwanadamu yuko nyuma ya miti na Mungu anatembea bustanini akimuuliza yuko wapi. Alijua alipo. Aliuliza ili Adamu asikie kwamba anatafutwa. Na katika Luka 15, yule mwenye kondoo mia hakusubiri yule mmoja alie. Hatuambiwi kwamba kondoo yule aliomba msaada.

Sasa niseme juu ya deni, kwa sababu nimemtaja kijana aliyebadilisha laini, na kwa sababu maisha ya Jean nayo yana ukurasa huo.

Ndege za miaka ile zilikuwa ghali na familia yake haikuwa tajiri. Mwandishi wa maisha yake, Ian Mackersey, anaeleza kwamba rubani kijana wa New Zealand aliyekuwa akitumikia jeshi la anga la Uingereza, Fred Truman, alimpenda akampa akiba yake, pauni 500. Zilikuwa fedha nyingi mno siku zile, jasho la miaka. Alitumaini wangeoana. Hawakuoana, na fedha hazikurudi, hata baada ya Jean kuwa mwenye jina na mali. Mwingine, Victor Dorée, aliomba pauni 400 kwa mama yake mzazi ili kumnunulia Jean ndege, ile iliyoharibika karibu na Karachi.

Sikutajii haya ili tumshushe Jean kutoka darini alikotundikwa. Sisi sote tumesimama juu ya mabega ya mtu ambaye hatujamrudia. Kuna mwalimu aliyekulipia ada muhula mmoja. Kuna shemeji aliyekulaza sebuleni kwake ulipokuja mjini ukiwa huna kitu. Tulipopata, tulikusudia kurudi, na kila mwaka uliopita ulifanya kurudi kuwe kugumu zaidi, mpaka tukaanza kukwepa hata mtaa anaoishi. Aibu ina hila hiyo: inakuonyesha kwamba kwa kuwa umechelewa, basi usiende kabisa.

Labda wewe uko upande wa Truman. Ulitoa, tena kwa moyo, na hujawahi kusikia hata asante. Naomba nikae nawe hapa bila haraka, maana najua linauma. Inauma zaidi ukimwona yule mtu akipigiwa makofi. Unasimama pembeni ya umati, nawe ndiye uliyenunua mafuta ya safari ile, na hakuna anayejua. Sitakuambia usahau, anayeambiwa asahau hukumbuka mara mbili. Nitakuuliza tu kwa upole: ulipokuwa unatoa, ulikuwa unanunua kitu? Kama ulikuwa unanunua, basi umedhulumiwa, na una haki ya kuomba chako kwa njia ya ndugu. Kama ulikuwa unapenda, basi upendo ule ulishakamilika siku ulipoutoa, na hakuna mtu aliyeweza kukunyang'anya. Wengi wetu tulikuwa tunafanya yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana kusamehe huchukua muda: lazima tutenganishe kilichokuwa zawadi na kilichokuwa mkopo.

Na kuna jambo katika Injili ya Mathayo ambalo hunishangaza kila ninapolirudia. Katika sura ya tano Yesu anamtuma aliyekosa: akikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka aende kupatana. Katika sura ya kumi na nane anamtuma aliyekosewa: ndugu yako akikukosea, nenda kwake, ninyi wawili tu. Kila mmoja ameambiwa aende. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa nyumbani akisubiri mwenzake aanze. Kama wote wawili wangetii siku moja, wangekutana njiani, na huenda wangecheka kabla ya kulia.

Mdaiwa amejificha kwa aibu, mdai amenyamaza kwa maumivu, na kila mmoja anasema kimoyomoyo asitafutwe. Hivyo ndivyo ndugu wanavyozeeka bila kuonana.

Nirudi kwa Jean, maana maisha yake hayakuishia 1937. Baada ya vita kuu ya pili hakurudia tena safari kubwa za angani. Aliishi na mama yake, nchi baada ya nchi, wakaenda hadi Jamaika, kisha Hispania na visiwa vyake. Walipendana sana wawili hao. Ellen alikuwa amemlea binti yake peke yake tangu alipotengana na mumewe. Alimwamini wakati hakuna mwingine aliyemwamini, na bila picha ile aliyobandika ukutani huenda pasingekuwa na ndege yoyote Auckland. Lakini upendo wao ulikuwa chumba chenye viti viwili. Waliobisha hodi hawakukaribishwa sana. Mama alipofariki huko Tenerife mwaka 1966, Jean alibaki na kiti kitupu kimoja, na hakuwa amejifunza kukaribisha mwingine akikalie.

Wazazi wanaonisoma, hasa akina mama mliolea peke yenu, msinielewe vibaya. Mpendeni mtoto kwa nguvu zote. Ila mwacheni apendwe na shangazi pia, na jirani, na watoto wa jumuiya, ili siku mtakapoondoka abaki na watu.

Mwaka 1982 Jean alihamia Palma, kisiwani Majorca. Alikuwa na miaka 73. Siku moja aling'atwa na mbwa. Akakataa kutibiwa. Jeraha likaoza, maambukizi yakaenda hadi mapafuni, na Novemba 22, mwaka huo, akafariki peke yake. Wenyeji hawakujua alikuwa nani. Ndugu zake hawakuarifiwa, wala serikali ya nchi yake. Januari 1983 alizikwa katika kaburi la pamoja la maskini.

Halafu ikapita miaka karibu mitano. Waliomfahamu walidhani yuko mahali fulani, ametulia, hataki kusumbuliwa, kama kawaida yake. Walikuwa wamemzoea hivyo. Ilikuwa Septemba 1987 tu ndipo Mackersey na mkewe Caroline, wakiwa wanatengeneza filamu juu ya maisha yake, walipofuatilia nyaraka za Palma na kugundua kwamba Binti wa Anga alikuwa ameshazikwa zamani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini naona methali hiyo inamwangalia mgonjwa peke yake. Vipi kuhusu sisi wengine, ambao maradhi yalifichwa mbele yetu? Si kila kifo cha upweke kina mkosaji, na sitaki umbebe mtu ambaye hukuwa na njia ya kumfikia. Wala sitaki udhani kwamba Jean alikuwa amepotea machoni pa Mungu. Mtunzi wa Zaburi ya 139 anajiwazia akiwa na mabawa, akikimbilia mwisho kabisa wa bahari, na huko nako anaukuta mkono wa Mungu umemtangulia. Kama mkono ule ulikuwepo juu ya Tasman, ulikuwepo na Palma, katika chumba kile, na katika kaburi lile lisilo na jina. Mungu hahitaji miaka mitano kujua mtoto wake yuko wapi.

Sisi ndio tunaohitaji kujifunza, na nina mfano mmoja wa karibu na nyumbani wa kututia moyo.

Septemba 1936, wiki chache kabla ya Jean kuondoka Uingereza, mwanamke aliyekulia Kenya, Beryl Markham, aliruka peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi juu ya Atlantiki, kwa ndege iliyotengenezwa na kiwanda kile kile cha Percival. Aliangukia kwenye tope la Nova Scotia, Kanada, akiwa hai, na New York wakampokea kwa shangwe. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha yake, West with the Night, kikasomwa kidogo, kikasahauliwa. Yeye akarudi Kenya kufunza farasi wa mashindano. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa mzee, anaishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi, fedha hana, na wengi waliopita barabara ya Ngong hawakujua ni nani.

Lakini huko California mtu mmoja mwenye mkahawa alikuwa anasoma barua za mwandishi Ernest Hemingway, akakuta barua inayokisifu kitabu cha Beryl. Angeweza kugeuza ukurasa. Akaenda kukitafuta, akakisoma, akahangaika mpaka kikachapishwa tena mwaka 1983. Kikauzwa kwa wingi. Bibi yule wa Ngong akaishi miaka yake ya mwisho, hadi 1986, akijua kwamba kuna watu wanaomsoma, na akiwa na fedha ya matumizi. Angalia tarehe, mpendwa: mwaka ule ule ambao mmoja alizikwa Palma bila mtu kujua, mwingine alikuwa anapatikana Nairobi. Hawakuzidiana sana kwa ujasiri, wala kwa ubora wa tabia. Beryl naye alikuwa mtu mgumu, na aliacha madeni yake. Tofauti ni kwamba kwa mmoja alipatikana mtu aliyesumbuka. Hakuwa ndugu yake. Hakuwa hata mtu wa nchi yake.

Kwa hiyo uaminifu wa kila siku ninaokuombea si mkubwa sana. Hauhitaji ndege. Ni kumpigia simu asiyepiga, na asipopokea, kupiga tena kesho kutwa bila kununa. Ni kumuuliza aliyejibu "salama tu" swali la pili. Ni kumwona mgonjwa kabla hajaanza kuitwa marehemu, maana nauli ya msibani huwa hatukosi. Ni kumrudia uliyekuwa unamdai ukiwa huna daftari mkononi, na kumrudia anayekudai hata kama una nusu tu ya deni, au huna kitu ila ukweli.

Na kwako wewe uliyesema usitafutwe: najua una sababu. Labda ulisema kwa upendo, kama Jean alivyosema siku ile Sydney, ukihofia wenzako wasiumie kwa ajili yako. Upendo huo naushukuru. Ila kumbuka kwamba alipoyasema yale alikuwa na miaka 27, na mbele yake kulikuwa na saa tisa tu za hatari. Hayakupaswa kuwa maagizo ya maisha yote. Kukubali kutafutwa nako ni kupenda. Unampa ndugu yako nafasi ya kuwa ndugu. Jeraha la mbwa linatibika, na deni lina mazungumzo. Hata yale uliyoyafanya, ambayo unaamini hakuna atakayekaa nawe akiyajua, yuko anayeyajua tayari, na bado anatembea bustanini akiita.

Kuna jina moja limekujia ulipokuwa unasoma. Usiliweke hadi Jumapili. Nenda kwake wiki hii, na kama ni mbali mpigie leo kabla hujalala. Na kama jina lililokujia ni lako mwenyewe, basi nakuomba kitu kimoja tu: atakayebisha hodi kwako wiki hii, mfungulie.